Panzi na Vidonge vya Asubuhi

Kambini, 9 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hapa hatujambo, ila viganja vimechubuka kama kawaida ya watu wanaoning'inia kwenye vyuma kutwa nzima. Mama akiuliza kuhusu viganja, mwambie vinapendeza. Baba bado anagombana na ile mashine yake ya kuchomelea? Bibi je? Simu zetu zinakaa kwa Kocha, kwa hiyo uvumilie mwandiko wangu.

Sasa kaa chini kwanza. Umekaa? Nimeshinda! Medali ya dhahabu, mashindano ya kanda, kwenye boriti. Ule ubao mwembamba ambao Mama huwa anaukimbia kwenye televisheni akisema atakuja kufa kwa presha, nimejipindua juu yake mara tatu nikatua wima bila kutikisika. Mshumaa, yule mwenzangu wa kitanda cha jirani niliyekwambia amenyooka kama mshumaa, alinikumbatia mpaka pini za nywele zikaanguka.

Kambi imepata daktari mpya. Kila asubuhi kabla ya chai tunapanga mstari, anatuwekea kidonge kiganjani, anasema ni vitamini, tunameza mbele yake, halafu tunapanda mizani. Kocha anafurahi mizani ikishuka kama mtu aliyepata mtoto. Shida ni kwamba hivyo vitamini vinatukimbiza chooni. Bweni zima tunapishana mlangoni tukichekana. Na misuli ya miguu inanikaza siku hizi mpaka nauma mto. Hilo usimwambie Mama.

Mimi mwanao,
Panzi

*

Nyumbani, 24 Machi

Panzi,

Marahaba, na mara mia zaidi. Mama yako nimemsomea barua yako, nikaruka pale ulipokataza, akaikumbatia, kisha akanirudishia mimi niijibu, maana yeye na kalamu hawajawahi kupatana. Baba yako aliposikia habari ya medali alizima mashine, akavua miwani ya kazi, akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasema ni moshi. Moshi gani na mashine imezimwa?

Bibi yako miguu ilimvimba. Hospitali wakampa vidonge vya kutoa maji mwilini, uvimbe umepungua, lakini sasa siku nzima ni safari ya chooni na kurudi, na lawama zote zangu. Eti nimekisogeza choo mbali ili kumtesa.

Cherehani inafanya kazi mpaka inapata moto. Shule imenipa sare zote za muhula ujao.

Sasa nikuulize, na unijibu kama unavyomjibu mtu aliyekuogesha utotoni. Picha yako ya gazetini nimeitazama vizuri. Ile nguo ya kurukia niliyokushonea mwaka jana ilikuwa inakubana begani, wewe mwenyewe ulilalamika. Pichani imekulegea. Na misuli, wewe hujawahi kukazwa na misuli tangu umeanza kuruka juu ya vitanda vyetu ukivivunja. Hivyo vitamini ni vya aina gani, vinavyofanya watoto wazima wapishane chooni? Nijibu hilo tu, mengine yangoje.

Nakutumia soksi za sufu, maana ulisema sakafu ya bweni ni baridi.

Akupendaye hata ukimvunjia vitanda,
Shangazi

*

Kambini, 22 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima. Soksi zimefika, ahsante. Mazoezi yanaendelea vizuri.

Daktari wa kambi anaulizia jina la ile dawa ya Bibi. Ukipata nafasi niandikie.

Wasalimie wote.

Panzi

*

Nyumbani, 19 Mei

Panzi wangu,

Hatujambo, ingawa leo sitakudanganya kwamba tumelala vizuri.

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi, nikajua kuna jambo. Jina la dawa ya Bibi nilikuandikia siku ile ile, nikakuuliza tangu lini daktari wa wasichana wanaoruka akahangaikia miguu ya bibi kizee. Hukujibu. Nikaandika tena. Kimya. Jana nimelijua jibu, na nimelipata redioni.

Nilikuwa nakata vitambaa. Mtangazaji akasema bingwa wa boriti amekutwa na dawa iliyokatazwa michezoni, na chama cha mchezo kinaeleza kwamba msichana alimeza kwa bahati mbaya kidonge cha bibi yake, alichotumiwa na shangazi yake kwenye kifurushi. Mkasi ulinidondoka. Bibi akauliza, "Shangazi yake nani?" Baba yako alitoka na mpaka sasa ninapoandika hajazungumza na mtu, anachomelea tu, sijui anachomelea nini.

Leo asubuhi yule mama wa duka la pembeni, ambaye watoto wake wote nimewashonea mimi, alipita dirishani kwangu akasema kwa sauti ya kusikika, "Wengine wanawapa watoto dawa kama pipi." Na mwalimu mkuu ametuma mtu achukue vitambaa vya sare. Ati shule itatafuta fundi mwingine mpaka mambo yapoe.

Basi nisikilize. Nimewaza sana. Kama neno hilo litakuokoa, liseme. Sema ni mimi. Mimi siruki popote, nitalibeba. Watu wanasema, kisha wanachoka.

Ila mimi na wewe tunajua nilichoweka kwenye kile kifurushi. Niliweka soksi.

Shangazi

*

Kambini, 30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe ukimya. Kila nilipokaa kuandika niliona sina la kukwambia ambalo si uongo, na wewe sijui kukudanganya, ndiyo maana ile barua ilikuwa fupi.

Nakueleza sasa kama ilivyokuwa. Mwezi wa Aprili Kocha aliniita ofisini. Daktari alikuwa amekaa pembeni anachezea kifuniko cha kalamu. "Kaa, mwanangu," Kocha akasema. Hajawahi kuniita mwanangu. Akaniambia vipimo vya mashindano vimerudi, nimekutwa na dawa ya kutoa maji mwilini, nayo imekatazwa kwa sababu watu huitumia kupunguza uzito kwa hila na kuficha dawa nyingine.

Nikasema, "Mimi situmii dawa. Natumia vitamini vya Daktari tu."

"Vitamini vyangu havina neno," Daktari akajibu bila kuinua macho. "Bibi yako si ana miguu ya kuvimba? Si wewe uliyetuchekesha mezani na hadithi ya choo?"

Kweli niliwasomea mezani ile barua yako, tukacheka wote, na yeye akacheka.

Kocha akasema, "Mbele ya kamati utaeleza kwamba kidonge kilikuja kwenye kifurushi cha shangazi yako, ukadhani ni cha kichwa. Tarehe ya kifurushi hakuna atakayeiuliza. Utafungiwa miezi michache, mambo yataisha. Ukianza kutaja watu utafungiwa miaka, na hakuna atakayekuamini. Shangazi yako haruki boriti. Hana cha kupoteza."

"Ana cherehani," nikasema. "Anashonea shule nzima."

Walicheka, Shangazi. Sikuwakubalia, lakini sikuwakatalia pia. Niliomba kufikiri. Nikaamini nina muda, kumbe wao walishapeleka hadithi yao redioni bila kuningoja.

Barua yako imenifikia jana. Umeandika maneno yale yale ya Kocha, kwamba wewe huruki popote. Yeye aliyasema kwa kukudharau na wewe umeyasema kwa kunipenda. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za ukumbi nikalia mpaka mpishi akanifuata na kitambaa cha vyombo.

Tangu siku ile sijameza kidonge chao. Nakiweka chini ya ulimi, nikitoka nje nakitema. Misuli imeacha kukaza. Chooni naenda kama watu. Nimemwambia Mshumaa aache na yeye, akageukia ukutani akasema, "Mimi ndiye nalisha nyumbani kwetu, usiniingize." Sikumlaumu. Tumekaa bila kusemezana tangu hapo, na vitanda vimegusana.

Kamati inakaa tarehe 12. Kuna mashindano makubwa ya dunia mwezi wa Oktoba, na wananiambia nikiwa mtiifu nitakuwemo.

Sikwambii nitasema nini. Ila usinitumie tena ruhusa ya kukusingizia. Siitaki.

Panzi

*

Nyumbani, 8 Juni

Panzi,

Barua yako imefika leo asubuhi, nami nakujibu nikiwa bado nimeishika mkononi. Natumaini posta itaiwahisha, ingawa posta yetu naijua.

Ruhusa nimeirudisha. Umenigombeza na nimegombezeka.

Nenda mbele ya hao watu useme ulichomeza, nani alikuwekea kiganjani, saa ngapi, umesimama wapi. Usipambe. Usiseme kwa hasira wala kwa kunyenyekea. Wakikufungia miaka, utarudi nyumbani, tutakula pamoja na utanisaidia kupiga pasi. Sijawahi kukupenda kwa sababu ya medali. Nilianza kukupenda ulipokuwa huwezi hata kukaa.

Baba yako amesoma barua yako. Amezungumza. Siwezi kuandika alichosema kuhusu huyo daktari, karatasi itaungua.

Shangazi

*

Kambini, 21 Juni

Shangazi wangu,

Shikamoo, shikamoo, na nyingine kwa ajili ya Bibi! Barua yako ya tarehe 8 imefika jana, mambo yakiwa yamekwisha. Nimeisoma nikacheka peke yangu, kwa sababu kila ulichoniambia nisifanye sikufanya, na ulichoniambia nifanye nilikuwa nimeshafanya.

Kamati ilikaa kwenye chumba chenye meza ndefu na mapazia mazito. Mwenyekiti ni mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa kamba. Daktari na Kocha walikaa mstari wa mbele wamevaa suti. Wenzangu wa kambi waliletwa kwa gari wakakaa nyuma na nguo zao za mazoezi. Nadhani Kocha aliwaleta nione aibu.

Mwenyekiti akaniuliza, "Kifurushi cha nyumbani kilikuwa na nini?"

"Soksi," nikasema.

"Na nini kingine?"

"Soksi nyingine. Jozi mbili."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Akavaa miwani, akasema, "Basi dawa umeipata wapi?"

Nikamwambia. Kwamba kifurushi kilifika mashindano yakiwa yamekwisha, kisha mstari wa asubuhi, kidonge kiganjani, mizani, choo, misuli. Sikupamba. Daktari akasimama akasema mimi ni mtoto mwenye kipaji lakini mwenye ndoto nyingi, kwamba familia yangu ni watu wa hali ya chini wanaochanganya dawa bila kujua.

Mwenyekiti akaniuliza kama nina shahidi.

Nilifungua mdomo niseme sina. Kabla sijasema nikasikia kiti kinaburutwa nyuma. Mshumaa alikuwa amesimama, amenyooka vile vile anavyonyooka, uso mweupe kama chokaa. Akasema, "Mimi nilimeza leo asubuhi. Nipimeni."

Kocha akageuka. "Kaa chini!"

Hakukaa. "Nipimeni sasa hivi," akasema, "na pimeni na maji ya choo mkitaka." Shangazi, pale alipotamka choo mmoja akaanza kucheka kwa woga, na katika kucheka akasimama. Akasimama na wa pili. Wakasimama wote. Kila mmoja akasema lile lile neno, nipimeni, hata yule mdogo wetu kuliko wote ambaye huwa hasemi hata akikanyagwa. Kocha alikuwa anapiga meza, hakuna aliyemsikiliza.

Walipimwa pale pale kwenye jengo, mbele ya watu wa kamati, mmoja mmoja. Daktari aliomba kwenda kuchukua kitu kwenye gari. Mwenyekiti akamwambia gari litamsubiri.

Majibu hayajatoka. Medali yangu wameichukua, nami niliivua mwenyewe nikaiweka mezani, kwa kuwa sheria inasema kinachoingia mwilini ni jukumu la mchezaji, na dawa ilikuwa mwilini mwangu kweli. Iliniuma kidogo tu. Nilipotoka nje Mshumaa alikuwa anatapika kwenye maua ya bustani yao. Nikamshikia nywele. Tukarudi kambini tumekaa kiti kimoja.

Usiku ule tulilala kama watoto.

Panzi wako

*

Nyumbani, 10 Julai

Panzi shujaa wangu,

Sisi wazima, sisi wazima kabisa! Redio imesema leo, na safari hii nilikuwa nimeweka mkasi mbali. Wasichana wote wa kambi wamekutwa na dawa ile ile. Daktari amefungiwa maisha na anafunguliwa kesi. Kocha ameondolewa. Wenzako wamepewa onyo tu, maana walijitokeza wenyewe. Wewe umefungiwa miezi sita, kuanzia siku uliyopimwa, kwa hiyo Septemba uko huru. Na mtangazaji akasoma kwamba chama kinaomba radhi kwa familia ya mchezaji. Bibi akaniambia nimwambie mtangazaji arudie, hakusikia vizuri. Alisikia vizuri sana.

Mama yako amecheza uani peke yake na sufuria mkononi. Baba yako safari hii hakwenda nyuma ya nyumba. Alilia palepale kibarazani na hakusingizia moshi.

Mama wa duka la pembeni amekuja na uso wa asali. "Mimi tangu mwanzo nilijua," akaniambia. Nikamwambia, "Ndiyo, tulikusikia mtaa mzima ulipokuwa unajua." Lakini gauni lake nimelipokea, nitalishona, na nitalishona vizuri, ili kila akilivaa anikumbuke. Sare za shule zimerudi pia. Mwalimu mkuu alizileta mwenyewe akiwa amezibeba begani.

Njoo nyumbani ukae na sisi mpaka Septemba. Mlete na Mshumaa. Nataka kumwona mtu huyo na kumshonea kitu.

Shangazi asiye na neno la kuficha

*

Kambini, 12 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Wasalimie wote, na ile boriti aliyoniundia Baba uani msiitundikie nguo. Bila ile, na bila majirani kujaa ukutani wakipiga kelele kila nikianguka, Agosti yote ningeota kutu. Mshumaa bado analivaa gauni lako, hata mazoezini tunamzuia.

Najua mliniona kwenye televisheni wiki tatu zilizopita na najua mmekasirika kwamba sijaandika. Sikuandika kwa makusudi. Nilikuwa nasubiri kitu kimoja zaidi.

Kwanza nikueleze ambayo kamera haikuonyesha. Kocha wetu mpya ni mwanamke aliyewahi kuruka mwenyewe, goti lake moja halikunji vizuri. Hana mizani. Asubuhi anatuuliza, "Mmelala? Mmekula?" na ukisema hujala anakurudisha mezani. Nimenenepa, nguo umeiona. Kabla sijapanda boriti alinishika mabega akasema, "Leo ruka kama mtu aliyeshiba."

Nikaruka. Mnakumbuka pale katikati nilipoyumba mguu mmoja hewani? Mama lazima alikimbia chumba. Pale nilisikia ukumbi wote umevuta pumzi, na mimi nikaona ubao unaniondoka. Zamani, wakati ule wa vidonge, mguu ungekaza na ningeanguka. Safari hii mguu ulikuwa wangu. Niliuomba unishike ukanishika. Nikanyooka, nikahesabu pumzi moja, nikaenda kwenye mruko wa mwisho, ule wa kujipindua mara mbili nikizunguka, nikatua. Kelele kama paa limeanguka. Nilimwona Mshumaa amepanda juu ya kiti. Dhahabu, Shangazi. Ya dunia nzima.

Ila kabla sijashika hata ua, dada mmoja mwenye beji alinigusa bega: nifuate kupimwa. Nilijua nitaitwa, kila bingwa anaitwa, lakini niligeuka nyuma kumtafuta Mshumaa. Nikakaa kwenye chumba chenye taa kali na chupa za maji, dhahabu shingoni, na maji hayatoki! Mimi niliyekuwa nashinda chooni! Nilikunywa chupa baada ya chupa mpaka yule dada akaanza kunihadithia kuhusu paka wake. Mwisho yakatoka. Nikaandika jina langu lote, la kwangu, la Baba na la Babu.

Jibu limekuja leo asubuhi. Kocha alilisoma mbele ya bweni zima. Safi. Sina kitu mwilini isipokuwa chakula. Tumepiga kelele zaidi ya siku ya ushindi, na mpishi ametoka nje na mwiko akidhani kuna moto. Ndiyo maana naandika leo na siyo jana.

Nakuja Jumamosi ya tarehe 29, basi la asubuhi. Nakuomba kitu kimoja, Shangazi: usimwambie mtu. Nataka kuingia kimyakimya, nioge, nilale siku mbili.

Bingwa wako, na ninaliandika neno hilo bila woga,
Panzi

*

Nyumbani, 20 Novemba

Bingwa,

Marahaba. Hatujambo, sauti tu ndizo zimetukauka.

Ombi lako la kutomwambia mtu limefika Jumatatu asubuhi, nikalisoma kwa makini na kuliheshimu kwa muda wote niliokuwa nakunja karatasi. Bahati mbaya nililisoma kwa sauti, na Mama yako alikuwa nyuma yangu. Alitoka nje akatamka neno moja, safi, kwa sauti ambayo sikujua anayo, na mtaa mzima ukafungua milango.

Kwa hiyo hali ilivyo ni hivi. Baba yako anachomelea jukwaa mbele ya nyumba. Nimemuuliza jukwaa la nini, hajui, lakini linapanda. Shule imefuta masomo ya ziada ya Jumamosi hiyo, watoto watapanga mstari toka kituo cha basi mpaka hapa, na kwa kuwa sare zote ni za mkono wangu, nimeagiza asije mtu na kola iliyokunjamana. Mama wa duka la pembeni ameshonesha gauni la pili na anaeleza wapitanjia kwamba alikulea. Bibi yako amesukwa nywele. Anadai kiti cha mbele kabisa, kwa sababu katika familia hii, anasema, yeye ndiye aliyesingiziwa wa kwanza, tena kwa miguu yake.

Watu wa redio wamenipigia. Wanataka kuzungumza na shangazi. Nimewaambia waje Jumamosi, waje na vinasa sauti vingi, ninayo mengi.

Basi lala kwenye basi, mwanangu, ulale vizuri. Ukishafika huku, kulala sahau.

Anayekungoja kituoni tangu leo,
Shangazi